Kumwita Asiyesikia

Waasi waliposhuka na kuingia Uvira, nilikuwa na kazi ambayo watu wengi mjini hawakujua kama ni kazi. Nilizunguka katika shule za mji na za bonde la Ruzizi, nikakaa nyuma ya darasa la mwalimu aliyepewa mtoto asiyesikia, au asiyeona vizuri, au yule ambaye akili yake huchelewa kushika. Kengele ikilia nilibaki na mwalimu, tukazungumza. Kisha nilimfuata mtoto hadi kwao, nikakaa na wazazi wake. Vyombo vyangu vilikuwa kioo cha mkononi na ngoma ndogo, nilivibeba katika kikapu. Wengi walidhani nauza kitu.

Kazi hiyo niliirithi kwa masera mmoja, mtawa wa Kizungu aliyefungua chumba nyuma ya parokia kwa ajili ya watoto wasiosikia. Mimi nilikuwa msichana tu, nafundisha wasichana wa mwaka wa kwanza. Masera alijua mambo ya watoto, lakini hakujua kuzungumza na mama zao. Akanichukua niwe mdomo wake. Kwa kumtafsiria ndivyo nilivyojifunza. Uhuru ulipokuja, na fujo za majuma yale ya kwanza, wakubwa wake walimwita avuke Burundi. Aliondoka asubuhi moja na sanduku dogo. Aliniachia ufunguo, kioo na ngoma, akaniambia, "Usiwaache walimu peke yao. Wewe utamwona mtoto mara moja kwa juma. Mwalimu yuko naye kila siku, na mama yake yuko naye maisha."

Basi nikaendelea, bila masera, na kwa muda kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kati ya walimu niliowatembelea alikuwapo mzee mmoja, mtu wa Katogota kule bondeni, aliyewahi kuwa katekista kabla ya kufundisha. Alifundisha katika shule ya mtaa wa Nyamianda. Alikuwa mrefu, suruali zake zilimfikia juu ya kifundo cha mguu, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Alikuwa amepewa msichana mmoja wa miaka kama kumi, ambaye homa ilimchukua masikio akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Siku ya kwanza nilimkuta akimwita kwa kupiga meza na rula. Darasa zima liligeuka isipokuwa yule aliyeitwa.

"Mwalimu," aliniambia yule mzee baadaye, "minye niko na batoto wengi. Huyu mumoja asiyesikia, nimufanyie nini? Nimupigie kelele ya namna gani?"

Nilimwambia asipige kelele yoyote. Azunguke, asimame mbele yake mahali ambapo mwanga unamwangukia usoni na si mgongoni. Amguse begani kwa vidole viwili, polepole, angoje mpaka mtoto amwangalie. Ndipo aseme, kwa mdomo na kwa mikono.

"Kungoja," alisema, kana kwamba nimemwomba abebe jiwe.

Lakini alingoja. Nilirudi juma baada ya juma, naye kila mara alikuwa amepiga hatua. Mwishowe aliwafundisha watoto wote wa darasa lake jinsi ya kumwita mwenzao: vidole viwili begani, halafu subira. Naye msichana akajifunza kuwaita wengine vivyo hivyo. Alimgusa mwalimu, alimgusa mwenzake wa dawati, alimgusa muuza karanga mlangoni pa shule. Alikuwa ameupata mlango wa kuingilia kwa watu, naye akaupiga hodi kutwa nzima.

Mama yake alikuwa kazi ngumu zaidi. Aliuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, alizianika kwenye mchanga kandokando ya ziwa, kisha akazitembeza mjini katika beseni. Alimpenda mwanawe, ila alimpenda akiwa ameinamisha kichwa. Barabarani alitangulia, mtoto akamfuata ameshika pindo la kitenge. Watu walikuwa wamesema mengi: kwamba alikula kitu cha mwiko akiwa na mimba, kwamba ukoo wa mumewe una deni na wafu. Mume alikwenda kutafuta kazi ng'ambo, hakurudi. Mama alipotaka mtoto afanye jambo, alimvuta mkono wa gauni bila kumtazama.

Nilikaa naye mchangani, tukigeuza ndagala pamoja.

"Mama, ukimwangalia usoni, anakusikia. Uso wako ndio sauti yako."

"Nikimuangalia nalia," alinijibu. "Kiisha yeye analia vilevile. Ni heri nisimuangalie."

 Tulijaribu kidogo kidogo. Amtazame anapompa maji. Amtazame anapomfunga nywele. Siku nyingine aliweza, siku nyingine hakuweza, na mimi nilijifunza kutomsukuma.

Hapo ndipo maasi yalipotufikia.

Kwanza watu wa bondeni walianza kupita na mikeka vichwani. Maduka ya wafanyabiashara yakafunga milango ya mbele, yakabaki yanauza kwa nyuma. Asubuhi moja askari wa serikali walipanda malori yao wakaondoka, na mchana waasi wakaingia. Walikuwa vijana wengi, wamejifunga majani na vipande vya ngozi za wanyama vichwani, wengine na mikuki, wengine na bunduki. Waliimba. Watu wengine walishangilia, kwa kuwa serikali ile haikuwa imetutendea wema. Mimi niliwatazama nikiwa nyuma ya dirisha.

Wakaweka bariyeri kila mahali, na ile kubwa ikawa kwenye daraja la mto Mulongwe. Gogo limelazwa juu ya mapipa, na kijana anapiga kelele, "Simama!" Ukisikia, unasimama. Hilo lilikuwa jambo dogo kwa kila mtu mwenye masikio.

Mwalimu wa Nyamianda ndiye aliyeleta habari. Alikuja nyumbani kwangu mchana, akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Kule kwetu," alisema, "iko muzee moja, masikio yake ilikufa zamani. Alikuwa anaenda ku shamba yake ya pamba. Bakamuambia simama. Akaendelea kutembea."

 Nikamwuliza kama walimpiga.

"Bakamupiga risasi mu mugongo. Alianguka na jembe yake."

Siku chache baadaye wazazi walianza kuja kwangu, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma. Wote walikuwa na swali lilelile, na wote walinitazama kama mtu mwenye jibu. Masera hakunifundisha vita. Nilimwita mwalimu, tukakutana na mama hao katika chumba cha parokia, madirisha yamefungwa, jasho likitutoka. Tuliafikiana mambo machache: mtoto asiyesikia asitembee peke yake kamwe, atembee ameshikwa mkono na mtu anayesikia, akiona bunduki au mkuki asimame, ainue mikono, atazame.

Mwalimu akalifanya somo darasani. Alichukua mpini wa jembe, akaushika kama bunduki, watoto wakapita mbele yake mmoja mmoja. Mwanzoni walicheka. Alipowakazia macho, mtoto mmoja akaanza kulia, na wengine wakamfuata. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, mahali pangu pa siku zote, na nilitamani kutoka nje. Nimewasaidia walimu wengi kutafuta njia ya kumfundisha mtoto kuhesabu, au kufunga vifungo vya shati. Kumsaidia mwalimu kutengeneza somo la namna ya kutouawa, hilo sikuwahi kulifanya. Msichana wetu alilishika upesi kuliko wote. Aliinua mikono juu kabisa, akasimama wima, akamtazama mwalimu wake kwa fahari.

Tulidhani tumelimaliza.

Kisha nikaenda sokoni. Nilikuwa nachagua mihogo nikasikia wanawake wakinong'ona juu ya mwenzao, muuza sombe, yale majani ya mihogo. Alikuwa amempa mpiganaji fungu la sombe mkono kwa mkono, vidole vikagusana, wakampiga mpaka hakuweza kusimama. Wapiganaji, wanawake wale walisema, wamepakwa dawa na kunyunyiziwa maji. Risasi inageuka maji kwao. Lakini dawa ina miko. Mwanamke asimguse. Akimgusa, dawa inakufa, na mpiganaji naye atakufa.

Niliacha mihogo. Nilishuka kuelekea ziwani nikienda haraka ila sikukimbia, maana mtu anayekimbia alisimamishwa. Njiani kote niliviona vidole viwili vya mtoto yule. Alimgusa kila mtu. Ndivyo tulivyomfundisha.

Mama yake alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea kugeuza samaki, halafu mikono ikasimama.

"Nitafunga mikono yake na kamba," alisema.

"Mama, ukimfunga, watauliza kwa nini umemfunga."

"Basi tufanye je?"

Tulimwita mtoto. Nilichuma majani nikayaweka kichwani pangu, nikajifanya mpiganaji. Nilimwonyesha mkono unaogusa bega, kisha nikatikisa kichwa, nikapitisha kidole shingoni. Alinitazama, akacheka. Alidhani naigiza kuchinja kuku. Nilirudia. Akacheka zaidi, akanigusa begani ili nirudie tena. Unamwelezaje mtoto kwa mikono kwamba kuna watu wa kuguswa na watu wa kutoguswa, na kwamba mkono wake mwenyewe unaweza kumuua? 

Mama yake akapiga magoti mchangani. Akamshika mtoto mashavu, akamgeuza, akamtazama machoni. Akaashiria majani, akaashiria bega, akatikisa kichwa polepole. Hakulia. Mtoto akaacha kucheka. Alielewa nini, sikujua.

Waasi walikuwa wameamuru shule zisifungwe, ili mji uonekane hauna tatizo. Asubuhi moja tulikuwa tunakwenda Nyamianda, mimi, mwalimu, mama na beseni lake la ndagala, na mtoto ameshikwa mkono na mama yake. Darajani palikuwa na msururu. Tulifika zamu yetu. Mpiganaji mmoja kijana, amevaa ngozi ya paka mwitu kichwani, aliamuru beseni liwekwe chini. Mama akamwachia mtoto mkono ili alitue. Mpiganaji akainama kupekua samaki kwa ncha ya mkuki, na alipoinama, kamba iliyokuwa shingoni mwake ikakatika. Kifurushi kidogo cha ngozi, kile cha dawa yake, kikaanguka mchangani. Hakukiona.

Mtoto alikiona. Alikiokota, akakipangusa mchanga. Nilifungua mdomo, sauti ikakosekana, na hata ingepatikana ingemfaa nini? Akanyoosha vidole viwili, akamgusa mpiganaji begani, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Akangoja amtazame. Mkono wa pili ulikuwa umemnyooshea kifurushi chake.

Yule kijana aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani mwangu. Haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyeona kaburi lake. Akainua mkuki. Mtoto alipouona mkuki alifanya kama tulivyomfundisha: akasimama, akainua mikono yote miwili juu, akamtazama.

Mwalimu alikuwa amekwisha kujitupa magotini kati yao. "Hasikie," alisema, "baba, hasikie, haiko na masikio, hajue, hasikie."

Mama alikuwa akimwashiria mtoto kwa mikono, arudi, arudi. Na hayo yakazidisha mambo.

"Muone," mwingine alisema, "banaongea na mikono. Ni bapelelezi. Banaitia basoda ba serikali."

Walitufunga mikono, isipokuwa mtoto ambaye hakuna aliyetaka kumgusa. Walimsukuma kwa mti wa mkuki. Tulipelekwa kwenye duka la zamani ambalo mwenyewe alikuwa amekimbia, na humo ndimo komanda wao alimokaa. Sakafu ilikuwa ya mbao. Komanda alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, na upole ule uliniogopesha kuliko kelele za darajani. Alisikiliza wapiganaji wake mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Ni weye ndiye unabafundisha hii mambo ya mikono?"

"Ndiyo, komanda."

"Ni ya kuambia nani?"

Nilimweleza. Nilisema juu ya masera, juu ya homa, juu ya watoto na walimu wao, na kadiri nilivyosema ndivyo maneno yalivyozidi kunuka uongo hata kwangu mwenyewe. Nilihisi kitenge changu kimelowa, na sikuona haya. Haya ilikuwa mbali sana.

"Kama hasikie kweli, tutaona," komanda alisema. "Atasimama hapa. Nitapiga bunduki nyuma yake. Akigeuka, basi munanidanganya, na munajua dawa ya mupelelezi."

Mwalimu akasema, "Komanda, si hapa."

 Komanda akamtazama.

"Weye unanifundisha kazi yangu?"

"Hapana, komanda. Nasema tu, hii ni mbao. Mbao inatetemeka. Hasikie na masikio, lakini anasikia na miguu. Tumemufundisha vile, na ngoma. Hapa atageuka."

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiweka ngoma ile sakafuni mara nyingi, mtoto amevua viatu, mpaka akaweza kuhesabu mapigo kwa nyayo. Komanda aliitazama sakafu. Kisha akainua buti lake akalishindilia kwenye ubao. Mtoto akatazama miguu yake, akageuka, akamtazama yeye.

Wapiganaji wakapiga kelele wote pamoja. "Anasikia. Anasikia." Mmoja akamshika mwalimu ukosi. Mama alitoa sauti ndogo, kama kifaranga kilichokanyagwa.

"Ndiyo nilivyosema, komanda," mwalimu alisema. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, lakini maneno aliyatoa moja moja, kama anavyosomesha imla. "Nilisema mbele. Umuweke inje, ku muchanga. Kule ndiko utajua."

Sijui kwa nini yule mtu alikubali. Labda alikuwa amewahi kukaa darasani. Labda alitaka tu kuona. Alisimama, tukamfuata uani.

Walimsimamisha mtoto kwenye mchanga akitazama upande wa ziwa. Mama yake walimfungua mikono, wakamsimamisha mbele ya mtoto, hatua chache. "Mama yake amuone vizuri," komanda alisema, na sikujua kama ilikuwa huruma au ukatili. Mimi na mwalimu tuliwekwa ubavuni, migongo ukutani. Komanda akapita nyuma ya mtoto na bunduki.

Ndipo nikafahamu jambo lililonifanya nione giza. Mtoto hatausikia mlio, lakini atauona. Atauona katika uso wa mama yake. Mama akishtuka, akifumba macho, akipanua mdomo, mtoto atageuka kutazama kinachomtisha mama, kama mtoto yeyote.

"Mama," nilisema, "umwangalie. Uso wako usibadilike."

"Unamuambia nini?" komanda aliuliza.

"Namwambia amwangalie mtoto wake."

Alifikiri. "Amuangalie," alisema.

Bunduki ililia. Kunguru waliruka kutoka paa lote. Barabarani nilisikia watu wakianguka chini. Mimi nilijikuta nimepiga magoti na sikumbuki kuyapiga. Mwalimu alikuwa amefumba macho na midomo yake inakwenda.

Mama hakufumba macho. Mwanamke yule ambaye miaka yote hakuweza kumtazama mwanawe bila machozi, alimtazama, na uso wake ulikuwa tulivu kama wa mtu anayesubiri maji yachemke. Hata mikono yake ilikuwa inaongea. Alikuwa akimwuliza mtoto, una njaa? Na mtoto, mlio ukiwa bado unazunguka milimani, alipeleka vidole mdomoni akajibu: bugali.

Hakugeuka. Baadaye kidogo moshi ulimfikia, akakunja pua, akatazama upande wa kulia, ambako hakukuwa na kitu.

Komanda aliteremsha bunduki. 

"Ni kweli," alisema. Halafu akatutazama sisi watu wazima. "Batoke. Lakini mambo ya mikono, basi. Nikiona tena bantu banaongea na mikono mu mutaa, sitauliza."

Tuliondoka tukitembea. Hakuna aliyethubutu kukimbia, wala kutazama nyuma. Yule kijana wa daraja tulimpita nje, amekaa chini anangoja kupakwa dawa upya, na machoni mwake sikuona chuki. Aliniogopa. Alimwogopa mtoto. Sote pale tulikuwa tunaogopana.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyoniumiza zaidi. Hatari ya siku moja mwili huibeba, lakini hofu ya kila siku hukaa ndani kama maji kwenye mguu uliovimba. Nilipita kwa kila familia kuwaambia kwamba mikono imekatazwa. Mama walinitazama: baada ya kazi yote ile, sasa unatuambia tuwanyamazishe? Mama wa ndagala alimfunika mwanawe kitenge, mikono ndani, kila walipotoka. Mtoto alihangaika chini ya kitambaa kama ndege katika kikapu. Ndani, mlango umefungwa, tuliwafundisha kuandikiana viganjani kwa kidole. Chumba cha parokia nilikifunga.

Walimu wa mjini niliweza kuwafikia. Wa bondeni sikuweza. Huko Katogota kulikuwa na wazazi wa mtoto mmoja ambao tulikuwa tumewafundisha ishara kabla ya maasi, nao hawakuwa wamesikia habari ya katazo.

"Nitaenda," mwalimu alisema.

Nilimsihi angoje. Nilimwambia njia ni mbaya, bariyeri ni nyingi, na wengine wameanza kusema askari wa serikali wanarudi kwa upande huohuo.

"Hao bazazi hawajue," alinijibu. "Banamuongelesha mutoto wao ku barabara, mikono mbele ya kila muntu, na banaona banafanya vizuri, sababu ni sisi tuliwaambia. Nani atabaambia, kama si mimi? Kule ni kwetu."

Aliondoka asubuhi, suruali yake fupi, fimbo mkononi. Hakurudi. Vita vilirudi kabla yake; ndege, mabomu, kisha askari wa serikali nyumba kwa nyumba, na hao nao walipiga kelele "Simama" kama wale wa kwanza. Mimi, mama na mtoto tulivuka Burundi pamoja na watu wengi. Huko kila niliyekutana naye kutoka bondeni nilimwuliza habari za mwalimu. Mmoja aliniambia alimwona akifika Katogota, akaketi na wazazi wale nyumbani mwao, akawaelekeza, akaanza safari ya kurudi. Mwingine aliniambia hakufika kabisa. Mkewe alimngoja miaka mingi, na aliponiona njiani aliniuliza kwa macho tu, nami nilijibu kwa kichwa.

Tuliporudi Uvira, parokia ilinitaka nifungue chumba tena. Nilifungua. Nikaanza tena kuzunguka, kukaa madarasani, kuzungumza na walimu. Lakini sikuweza tena kukaa nyuma ya darasa karibu na mlango, nilitafuta ukuta. Kiti kikianguka, kalamu hunitoka mkononi. Walimu vijana waliniona wakajifanya hawakuona, na nadhani walijifunza hilo pia kutoka kwangu, kungoja. Mwalimu anaponiuliza kama amfundishe mtoto kuwagusa watu begani, namwambia ndiyo, ila si mara moja.

Mama wa ndagala akaanza kunisindikiza kwa familia. Sikumwomba. Nilikuta amekaa na mama mmoja aliyemficha mwanawe chumba cha ndani, anamwambia, "Utalia. Ulie tu, lakini umuangalie." Tangu siku hiyo nikamwachia aseme yeye kwanza, mimi nifuate.

Msichana alikua. Alijifunza kushona, akaolewa na fundi seremala anayesikia na ambaye mikono yake haijui kunyamaza. Siku moja, mimi, yeye na mama yake tumekaa kwao tunachambua mchele, alianza kunisimulia ile asubuhi ya daraja, kwa mikono, kama alivyoikumbuka. Mtu mwenye ngozi kichwani alipoteza kitu chake, alisema. Nilimrudishia. Akakasirika, nadhani kwa sababu mama hakumpa samaki. Tukapelekwa kwa mkubwa wao, mtu mpole, akakanyaga sakafu ili kunisalimu. Tukatoka nje, nikaliona ziwa. Mama akaniuliza kama nina njaa.

"Halafu?" nilimwuliza.

Halafu tulikwenda nyumbani, alisema, tukala.

Nilimtazama mama yake. Alikuwa ameinamia ungo, anapuliza makapi, na bila kuinua uso alitikisa kichwa kidogo sana, kunikataza. Nikaendelea kuchambua mchele.